Nyanjige Hakuchimba Kisima

Mheshimiwa mgeni rasmi, Diwani wetu, Ndugu Ofisa Elimu, Mkuu wa Shule, Mwalimu Eustace, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mzee Nkwabi, baba paroko, mchungaji na shehe, mlioketi mstari mmoja mkigawana kivuli kimoja cha turubai, walimu wetu, wazazi wenzangu, wanafunzi, na wewe fundi uliyepanda tena juu ya paa juzi kwa ajili ya kuniridhisha mimi peke yangu: shikamooni mnaostahili shikamoo, habari zenu mlio rika langu, na watoto, marahaba, hata ambao hamjaniamkia.

Mwadila, kama tusalimianavyo Wasukuma.

Kwetu mtu hasimami mbele za watu bila kuzifikisha kwanza salamu za nyumbani. Basi mama mkwe wangu, Bibi Mageni, anawasalimu sana, magoti yamemzuia kuja lakini masikio yake yako hapa, na jioni nitaulizwa nani alisema nini na alivaa nini. Mume wangu, Mabula, anawasalimu kutoka kwenye ng'ombe, ambao hawajui kwamba leo ni sikukuu. Kijana wetu Magesa anawasalimu kutoka Chato, amekwenda kutafuta dagaa wa biashara, na tangu jana simu yake haipatikani, lakini nimeambiwa nisianze hofu zangu. Binti yetu Limi yuko pale kwa wanafunzi wenzake, ameinamisha kichwa ili isijulikane kwamba mimi ni mama yake. Jirani yangu Mama Fredy angewasalimu, ila amekuja mwenyewe, mtamsikia. Sisi sote hatujambo. Nanyi huko mlikotoka, mmeacha wazima?

Ndugu zangu, Mwalimu Eustace alipopita kwenye nyumba zetu akitafuta mama mmoja wa kusema neno la shukrani, akina mama wengine wote walikumbuka kwamba wana maharage motoni. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeshaipua. Ndiyo sababu mnaniona hapa, wala msidhani nilichaguliwa kwa elimu. Shule niliiacha darasa la tatu, na karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, polepole. Limi alitaka kuninyooshea maneno. Nikamwambia, ng'wana wane, mwanangu, ukininyoosha sana nitafika pale mbele nikiwa mtu mwingine, na watu watauliza Mama Limi amebaki wapi.

Tumekuja kufungua bweni la wasichana. Nani kati yetu aliyeamini tutaliona? Wakati ule lilikuwa shimo la udongo na kelele za Mzee Nkwabi. Leo lina kuta, lina madirisha yenye nyavu, lina mlango ambao nimeufungua na kuufunga mpaka matroni akaniuliza kama ninataka kuununua. Mnanijua mimi ni mwoga. Nimevitikisa vitanda vyote vya juu. Nimemuuliza fundi kuhusu radi, kuhusu nyoka, kuhusu mtoto anayeota ndoto akaamka anatembea. Fundi, ulinijibu kila swali bila kukunja uso, na kama kuna thawabu ya uvumilivu, yako imeshaandikwa.

Na Mzee Nkwabi nimsemeje? Huyu ndiye aliyesimama kwenye mkutano akasema, "Asiyefyatua tofali, mtoto wake hatalala humu." Tulinung'unika. Tulisema mzee ana ukali wa nyuki. Lakini kesho yake nani alibaki kitandani? Hata wale ambao migongo yao huuma kila likitajwa jembe, siku ile migongo ilipona. Bila kanuni ile, matofali haya yangekuwa bado udongo wa mtoni. Mzee, nakushukuru mbele ya mgeni rasmi, na ninakuomba uishike shukrani hii kwa mikono miwili, kwa sababu mbele kidogo nina ombi, na ombi lenyewe linaigusa kanuni yako. Naona umeangalia saa. Sitachelewa.

Ombi langu ni kitanda kimoja, cha mtoto anayeitwa Kudra, anayesoma darasa moja na Limi wangu. Kudra anakaa machimboni na mama yake. Majina ya watakaolala bwenini yaliposomwa, la kwake halikuwamo, wala la mtoto yeyote wa machimboni. Njia yake ya kuja shule inapita katikati ya maduara ya zamani, yale mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi, na anaipita alfajiri kabla hapajapambazuka vizuri. Mvua zikianza, kingo za mashimo yale zinalainika kama ugali wa mgonjwa. Kila mama aliyeko hapa ananielewa. Nimesema ombi mapema ili msikae mkijiuliza mama huyu anakwenda wapi. Sasa niacheni niwaambie nimefikaje.

Nimefika kwa kitabu.

Naona mnacheka. Mama Limi na kitabu. Ni kweli. Likizo iliyopita Mwalimu Klara, mwalimu wa Kiswahili, alimruhusu Limi aje nyumbani na kitabu kimoja cha hadithi cha zamani, gamba lake limechakaa, cha habari za mwaka wa njaa. Ulikuwa ni msimu wa kukata michembe. Mnajua ile kazi: viazi vimelundikwa, akina mama wamekaa juu ya majabali na visu, mnakata, mnaanika, mnakata, mdomo ndio unaopumzisha mkono. Limi akaja na ujanja wake. "Mama, nikiwasomea, si nitakuwa nimefanya kazi?" Nikajua anakikimbia kisu. Lakini Mama Fredy akasema, "Mwache asome, akikata yeye vinakuwa vinene kama nyayo za tembo." Basi akasoma. Kila siku mchana, mpaka jua linapoelekea kushuka, yeye anasoma na sisi tunakata.

Katika kitabu hicho kuna mama anaitwa Nyanjige. Nzige wamekula kwao kila kitu, mvua haikurudi, mume amekufa, naye anaondoka na watoto wake wawili mpaka anafika kwenye kijiji ambacho kisima chake bado kina maji. Kijiji hakimpigi. Hakimtukani sana. Kinamwambia tu asubiri. Asubiri wanywe wenyeji, kisha wanywe ng'ombe wa wenyeji, kisha mbuzi, ndipo achote tope linalobaki. Wanasema ameileta njaa kwenye upindo wa nguo yake. Mtoto akiugua kijijini, ni Nyanjige. Ng'ombe akitupa mimba, ni Nyanjige. Na yuko mzee mmoja mwenye kushika kata ya kisima, huyo anamwambia, "Sisi tulipokuwa tunachimba kisima hiki, wewe ulikuwa wapi?"

Siku Limi aliposoma maneno hayo, Mama Fredy nusura ajikate kidole. Alisimama juu ya jabali, kisu mkononi, akamjibu yule mzee kana kwamba yuko mbele yake. "Alikuwa kwao! Ulitaka awe wapi?"

Tulimpigia makofi. Mama Fredy ameniruhusu nimtaje leo, kwa sharti niseme pia kwamba michembe yake ni myembamba kuliko ya mtu yeyote hapa. Nimesema.

Sasa Bibi Mageni alikuwa akisikiliza kutoka kivulini, wala hakuwapo siku ya kwanza Limi alipoeleza kwamba hii ni hadithi. Kila akija anauliza, "Leo amepata maji?" Tunamwambia bado. Anatikisa kichwa. Siku moja tukamwona anajaza gunia. Anachagua michembe mizuri, iliyokauka vizuri, anaitia ndani, anashindilia. Nikamuuliza, "Mayu, hiyo ya nani?"

"Ya yule mama mwenye watoto wawili," akasema. "Mmekaa mnalia tangu juzi na hakuna hata mmoja aliyemtafutia chakula. Anakaa upande gani? Nani anakwenda huko akampelekee?"

Limi akasema taratibu, "Bibi, Nyanjige ni wa kitabuni."

"Kitabuni ni mbele ya Kharumwa au nyuma?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatutania. Tulicheka mpaka visu vikaanguka. Lakini tulipomweleza vizuri, yeye hakucheka. Alisema, "Kwa hiyo mmeniliza siku zote hizi kwa ajili ya mtu ambaye hana tumbo." Akalifunga gunia kwa kamba, akaliweka mlangoni.

Hapo ndipo shida ilipoanza, ndugu zangu, kwa sababu kwenye mji wa wakwe zangu kuna desturi. Chakula kikishatengwa kwa ajili ya mgeni, hakirudi kihengeni. Bibi husema ukikirudisha, kihenge kitajifunza uchoyo, na kihenge chenye uchoyo hakijai. Hatuwezi kukirudisha, hatuwezi kukila. Nyanjige hayupo. Gunia liko mlangoni, kila anayetoka anajikwaa. Mume wangu alijikwaa nalo mara mbili, akasema maneno ambayo mbele ya baba paroko sitayarudia.

Bibi akatuuliza sote, "Basi nani hapa karibu anafanana naye?"

Limi akasema, "Yuko Kudra wa darasani kwetu. Baba yake alifuata machimbo ya Chunya, hajarudi. Mama yake anaponda mawe pale machimboni."

Na mimi nataka mgeni rasmi usikilize majibu yaliyofuata, kwa sababu yalitoka kwa akina mama wale wale, juu ya majabali yale yale, machozi ya Nyanjige hayajakauka.

"Wale? Wale wana dhahabu."

"Wanakula chipsi wale, michembe wataiweza?"

"Leo wako hapa, kesho wamesikia mahali pengine pametoka dhahabu, wamehama. Mtu asiye na mji ukitaka kumlaumu utamkuta wapi?"

"Watoto wao wanajua mambo ambayo wa kwetu hawajayasikia."

Na Mama Fredy, yule yule aliyesimama na kisu, akamaliza: "Halafu walikuwa wapi tulipokuwa tunafyatua matofali?"

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Limi alifunga kitabu. Nilimwona anamwangalia Mama Fredy, kisha ananiangalia mimi, kisha anaangalia viazi. Hakusema neno, maana amelelewa. Aliyesema ni Bibi. "Yaya, hapana. Wa kwenye karatasi tumpe, mwenye pumzi tumnyime? Mama Limi, tafuta pikipiki."

Kwa nini mimi? Kwa sababu mkwe ndiye hutumwa.

Nilikwenda, na sitawaficha, nilikwenda kwa woga. Tangu utoto nimeambiwa machimboni mtu anaweza kuingia na kanga mbili akatoka na moja. Dereva alinishusha kwenye karasha, pale wanaposaga mawe, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, nikauliza Mama Kudra yuko wapi, nikaonyeshwa mama mwembamba aliyekaa na nyundo mbele ya lundo la mawe. Nikamsalimu. Nikamwambia nimemletea michembe. Akaliangalia lile gunia kama mtu anavyoangalia nyoka aliyelala.

"Nani amekutuma?"

"Mama mkwe wangu."

"Ananifahamu?"

"Hakufahamu."

"Sasa chakula cha mtu asiyenifahamu nakipokeaje, dada yangu? Mimi ni mtu wa Kondoa. Siku ya kwanza tunafika hapa tuliambiwa, wenyeji wa huku wakikuletea kitu bila sababu, kipokee kwa adabu, ukakitupe mbali."

Wazazi wenzangu, mmesikia? Sisi tunakaa tukiwaogopa wao, kumbe wao wanakaa wakituogopa sisi. Nikamwambia, "Na sisi tumeambiwa nyie mna dhahabu chini ya vitanda."

Akaweka nyundo chini. Akacheka mpaka akakohoa lile vumbi. "Vitanda? Mama, karibu ndani ukakione hicho kitanda."

Ndani mlikuwa na mkeka, na daftari za Kudra zimepangwa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Tukaichemsha michembe kwa karanga, pale pale. Ilipoiva tukaweka sinia katikati. Hapo sasa, yeye anasubiri mimi nianze ili aone kama nitaanguka, na mimi nasubiri yeye aanze kwa sababu maji tuliyopikia nilikuwa sijui yametoka shimo gani. Tulikaa tunaangaliana kama kuku wageni. Anasema, karibu mgeni. Nasema, anza wewe mwenyeji. Anasema, mimi mwenyeji tangu lini? Mwishowe njaa ilituonea huruma, tukapeleka mikono pamoja. Hakufa mtu. Aliramba vidole akasema, "Kumbe ndiyo vitu mnavyotuficha."

Ndipo nikamuuliza, maana swali la Mama Fredy lilikuwa halijaniacha. "Mama Kudra, mbona hamkuja kufyatua matofali?"

"Mlituita?"

"Neno lilitangazwa kanisani na msikitini, likatangazwa mnadani, likasemwa kwenye mkutano wa kila kitongoji."

"Sisi si kitongoji," akasema. "Wakihesabu vitongoji wanatuzunguka. Mtu hukuitwa, halafu unaulizwa mbona hukuja. Kudra aliniambia kuna bweni linajengwa siku kuta zilipokuwa zimeshafika kwenye lenta." Kisha akasema neno ambalo nimelala nalo tangu siku ile. "Sikuomba kitanda kwa sababu nilijua jibu. Kuna jibu ukilijua, unajiepusha na aibu ya kuuliza."

Nilirudi nyumbani na gunia tupu na moyo mzito.

Sasa nirudi kwako, Mzee Nkwabi, na kwa wajumbe wa bodi. Najua ninyi si watu wabaya. Nawajua, nimewapelekea chai kwenye vikao. Hata yule mzee mwenye kata hakuwa mtu mbaya. Limi alipomaliza kitabu nilimwomba anisomee tena ile sehemu yake, maana nilimchukia mno nikataka kujua kwa nini. Kumbe alikuwa na wajukuu. Kila asubuhi alikuwa anateremsha jiwe kwenye kamba ili ajue maji yamepungua kiasi gani. Alikuwa anaogopa, basi. Na mimi habari za hofu niulizeni, ndiyo kazi yangu. Hofu haiji ikisema "mimi ni hofu." Inakuja imevaa vizuri, inasema "mimi ni utaratibu," inasema "mimi ni haki, kila mtu ale jasho lake." Inakaa kwenye kiti. Inapewa chai.

Nilimuuliza Mwalimu Klara, hivi vitabu vyote vya zamani vya shida ni hivi? Akaniambia, vingi ni hivi. Njaa ikiingia kwenye hadithi, au maradhi, au vita, hapo pembeni utamkuta mtu mmoja anayetafutwa kwanza: mgeni, mjane, mwenye ngozi tofauti, mama kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Nikamuuliza, hao waandishi waliambiana? Akasema hapana, walichungulia dirishani tu.

Mimi nilichojifunza kwenye kusomewa ni hiki, na ninakisema kama mtu wa darasa la tatu. Sote tuliokuwa pale kwenye majabali tulikuwa Nyanjige. Mama Fredy alikuwa Nyanjige, mimi nilikuwa Nyanjige, hata mume wangu alipopita na ng'ombe akasimama kusikiliza kidogo, naye alikuwa Nyanjige. Kila mtu alikuwa na kiu, kila mtu alikuwa ameonewa. Sasa niulize, kata alishika nani? Maana kata ilikuwepo. Ilikuwa mkononi mwa mtu.

Wapo watakaosema, Mama Limi, labda kuna namna walichangia. Labda kokoto za msingi zilitoka kwao. Nimeulizia. Hazikutoka kwao, zilitoka upande mwingine kabisa. Msinitume kutafuta jiwe la Mama Kudra ndani ya ukuta huu, halimo. Hakuleta tofali hata moja, na mtoto wake anaomba kulala ndani. Ndivyo ilivyo. Nyanjige naye hakuchimba kile kisima. Hakuna mahali kwenye kitabu panaposema alikichimba, na hakuna hata mmoja wetu, tulipokuwa tunalia, aliyesema: basi asinywe.

Kanuni yako, mzee, ilikuwa nzuri. Ilitutoa vitandani tukafanya kazi. Lakini kazi yake imekwisha, kuta zimesimama. Tukiiacha iendelee kutembea itafanya kazi nyingine ambayo hatukuituma. Jembe ukimaliza kulimia unalitundika, huingii nalo ndani ukakata nalo nyama.

Naona baadhi ya wazazi wanaulizana, mbona mama huyu anapigania mtoto wa mwenzake wakati wake ameshapata kitanda? Nimefurahi mmeuliza, kwa sababu hapo ndipo panaponigusa mimi mwenyewe. Limi aliniambia wiki iliyopita, tena akiwa anaosha vyombo, kama mtu anayesema chumvi imekwisha: "Mama, nimeongea na Kudra. Tutalala mzungu wa nne."

Yaani kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Nikamwambia matroni hatakubali, sheria ni kitanda kimoja mtoto mmoja. Akasema, "Najua. Akikataa, nitakuwa natembea na Kudra. Nitatoka bwenini nikakae kwao, tuje wote asubuhi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, Limi, unayajua yale mashimo? Akasema, "Kudra anayajua. Ndiyo maana nitatembea naye." Nikamkemea. Baba yake akamkemea. Bibi Mageni hakumkemea, alimwongezea viazi kwenye sahani, na mkiona mama mkwe anaongeza viazi, mjue kesi imeshaamuliwa.

Sasa niwaambie, waheshimiwa. Huyu mtoto nimemlea kwa hofu zangu zote, nimemkataza mto, nimemkataza pikipiki, nimemkataza kusimama chini ya mti wakati wa radi. Na sasa, kwa sababu ya kitabu ambacho ninyi wenyewe mmempa asome, anataka kuyapita maduara alfajiri ya mvua. Nimkataze vipi? Nimwambie kitabu kilikuwa cha kufaulia mtihani tu? Nimwambie Nyanjige tulimlilia kwa sababu yuko mbali? Akienda, mimi sitabaki nyumbani. Nitawafuata nyuma na tochi, na huu unene wangu, na mtakuja kututoa shimoni watatu badala ya mmoja. Basi niokoeni mimi. Ikiwa Kudra ni mgeni kwenu, mimi si mgeni, mimi nimefyatua.

Nimeambiwa vitanda vilivyobaki ni vichache na vimewekwa kwa ajili ya dharura. Nakubali. Lakini dharura mliyokuwa mkiisubiri ina sura gani? Kama si mtoto anayetembea kandokando ya shimo, basi nielezeni ili nami niitambue nikikutana nayo.

Sijaja kulaumu. Nimekuja kushukuru, na mama wa Kisukuma akishukuru anaacha mkono wazi. Mwalimu Eustace, asante kwa kumlea binti yangu mpaka akawa mbishi. Mwalimu Klara, asante kwa kitabu, ingawa usingizi wangu umekwenda nacho. Mama Fredy, asante kwa kidole chako, na asante zaidi kwa jambo ambalo hukutaka nilitaje na ninalitaja: Jumapili iliyopita ulipita machimboni na beseni la michembe kichwani, ukasema umepotea njia. Ulizaliwa hapa, mama. Njia gani umepotea?

Mgeni rasmi, ukikata utepe leo utakata kwa ajili ya watoto wote waliosimama pale. Bodi, nasikia mtakaa baada ya chakula. Shule inafunguliwa Jumatatu, na mawingu mnayaona wenyewe yalivyokaa upande wa ziwa. Nawaomba jibu lisilale njiani. Wala msiniletee mimi. Mpelekeeni Mama Kudra, ambaye yuko pale nyuma ya turubai, amekaa kwenye nyasi, kwa sababu viti viko wazi lakini hakujua kama ni vyake. Mama Kudra, simama kidogo wakuone. Haya, kaa. Hapana, usikae hapo. Mama Fredy, msogezee kiti.

Naona Mzee Nkwabi ameinamia sikio la Mwalimu Eustace. Neno likiwa jema, mzee, litamke kwa sauti ili limfikie kule nyuma. Likiwa bado linaiva, tutakuwa hapa kwenye masufuria tukiliangalia.

Nawashukuru wote kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Nasubiri jibu, tena upesi, na mnanijua: mimi nikiwa nasubiri, sikai chini.